Nafasi ya Kibibi

Mkeka wa watoto ulikuwa na rangi tatu, kila mtoto na yake. Siku ya nne baada ya kumzika bintiye Kibibi, Mwatime alizifumua kili nyekundu za katikati, vile vipande vya ukindu uliosukwa alivyolalia Kibibi.

"Nafasi tupu ya marehemu huita mwingine amfuate," mama mkwe alikuwa amemwonya.

Akaunganisha kijani na njano kwa shazia, sindano ya kushonea mikeka, akikaza uzi mpaka vidole vikavimba. Mkeka ukapungua upana.

Alipoutandika, wanawe wawili walilala kingoni, mmoja kila upande, migongo yao ikigusa saruji, wakaacha mwanya katikati.

"Sogeeni katikati, wanangu."

"Hapana, mama," alisema mdogo. "Kibibi atalala wapi?"

Mwatime aliutazama mwanya ule. Kisha akapiga magoti, akajilaza humo yeye mwenyewe.