Ukuta wa Sebuleni

Siku hizi kila nyumba yenye watoto wa kambo ni filamu ya vichekesho. Watu wakicheka huko wanakotazama, ukuta wa sebuleni hucheka nao. Wakinyamaza, mmoja wa nyumba hiyo huchukuliwa, kisha familia hupangwa upya.

Asubuhi hiyo Skolastika alikuwa anakoroga uji. Mwanawe Novatus, jibaba la miaka arobaini, alikuwa amemkalia kifuani Gozibati, mtoto wa mumewe, wakigombea kijiko chekundu. Gozibati ana mvi ndevuni. Ukuta ulicheka mpaka vikombe vikatetemeka.

Ghafla Novatus akainuka, akakiweka kijiko mezani.

"Chukua tu, ndugu yangu," akasema taratibu. "Mama, nimechoka. Nataka nijifunze ufundi, nioe, nihame."

Skolastika alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka yote. Ukuta ukanyamaza.

"Mama, umenisikia?"

Alimsikia. Alisikia pia kitasa cha mlango kikijifunga chenyewe, kama siku ile walipomchukua mumewe, baba yake Gozibati, aliyekataa kuvaa nepi mbele ya watu.

"Mwambie aseme anatania, Mama," Gozibati akanong'ona.

Skolastika akainua sufuria na kummiminia mwanawe uji kichwani. Ulikuwa bado wa moto. Ukuta ukaangua kicheko, kitasa kikafunguka.

Novatus akabaki amesimama, akimtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu.

Skolastika akamfuta macho kwa kanga, akamsogelea sikioni.

"Sasa lia, baba," akamwambia. "Lia kwa sauti, bado wanatazama."