Fundo la Tekla

Siku ya tano ya safari yao ya hija, mahujaji waliukuta mto wa nje ya mji wa madhabahu umefura. Tekla alikuwa amebeba furushi mgongoni, kalifunga kwa kanga, fundo limekaza kifuani. Ndani mlikuwa na shati la mwanawe mgonjwa, analolipeleka likaombewe madhabahuni.

Veneranda, aliyekwisha kuitembea njia ile mara nne, alimshika mkono. "Legeza fundo kabla hujaingia, mwenzangu. Mto ukitaka mzigo, upe."

"Siwezi, dada. Hili ndilo lililonileta."

Alililegeza kidogo tu, kumridhisha. Katikati ya mto mguu uliteleza juu ya jiwe, maji yakalibeba furushi, nalo likaanza kumvuta. Veneranda alinyoosha mkono, usimfikie.

"Fungua, Tekla! Fungua!"

Vidole vikalitafuta fundo chini ya maji. Akafungua.

Ng'ambo alipiga magoti matopeni, meno yakigongana. "Na mwanangu je?"

Veneranda alimfunika mabega kwa shuka yake. Kilimani, waliotangulia walikuwa wameanza kuimba.  Tekla akaanza kupanda, mikono mitupu imekumbatia kifua.