Gauni la Ubatizo

Kamanthe aliinua gauni kutoka kwenye karai, akabaki amelishika hivyo hivyo. Gauni jeupe la mtoto lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na kutu imeingia mpaka ndani ya lesi.

Asubuhi mke wa mwanawe alikuwa amemwambia, "Mama, tumia maji ya tangi, ya mvua. Haya ya bomba hapa Mumbuni yana kutu, yanaharibu nguo."

"Ya mvua ni ya kunywa. Nimefua vitambaa vya altare kabla hujazaliwa, leo unifundishe kufua?"

Sabuni ilipokataa kutoa povu, akaongeza dawa ya kung'arisha nguo. Akaongeza tena.

Gauni hilo alilishona mama mzazi wa mkwewe huyo akiwa mgonjwa kitandani, kwa ajili ya mjukuu ambaye hakujaliwa kumwona. Ubatizo ulikuwa kesho.

Kamanthe alisugua lesi kwa ukucha. Alitaka kusali, lakini hakujua aombe nini.

"Mama, nikusaidie kuanika?" Mkwewe alikuwa mlangoni, mtoto begani, akitabasamu.

Kamanthe aligeuka, gauni likiwa bado mikononi linachuruzika maji.