Hatua Ishirini

Mzee Breki hakuwa na cheti chochote ila kile cha masomo ya jioni. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na gari lake mwenyewe, na hakuwa na kosa hata moja kwenye leseni kwa miaka arobaini na moja. Asubuhi ile hakuwa na simile pia.

Mashine ya kupimia pumzi kwenye geti la kampuni ilikuwa imemlilia Bonge. Ilikuwa Jumamosi na mabasi ya wanafunzi yamelala yadini, lakini Jumatatu kila dereva angebeba watoto arobaini. Bonge hakukana kwamba amekunywa. Alichokataa ni kuonewa peke yake. Akamnyooshea kidole Mpole, dereva mwenzake, aliyekuwa amepulizia mashine ile ile, macho mekundu kama taa za nyuma, nayo ikakaa kimya.

"Mimi bia tatu tu, naitwa muuaji," alisema Bonge. "Huyu kavuta msokoto mzima, anaitwa bwana."

Mpole alijibu bila haraka, kama kawaida yake. Alisema bangi si pombe. Mlevi akishika usukani anajiona rubani, ila yeye akivuta anajua kabisa kwamba amevuta, ndiyo maana huenda mwendo wa gari la maharusi. Fundi wa breki akacheka. Mzee Breki, mkuu wa madereva, hakucheka. Alisema amechoka kusikiliza watu wazima wakibishana sumu ipi ina adabu.

Akaagiza basi tupu litolewe. Akapanga mapipa katika mstari wa kupinda, na mbele yake fundi akajificha nyuma ya ukuta na gunia la maranda lililofungwa kamba. Dereva akishapita mapipa, fundi angelivuta gunia likatize ghafla. Kutoka pipa la mwisho Mzee Breki alihesabu hatua ishirini, akachora mstari wa chokaa kabla tu ya njia ya gunia.

"Gunia ni mtoto," alisema. "Atakayesimama baada ya mstari simpi basi. Nitawaandikia mwenyewe ofisi ya leseni wamnyang'anye. Sitazami sura ya mtu."

Bintiye, karani wa kampuni, akakaa kwenye kiti kando ya mstari na daftari mapajani.

Bonge alianza. Aliingia kwa kasi mkono mmoja ukining'inia dirishani, akaangusha mapipa matatu, akalipasua gunia, akasimama hatua ya thelathini na moja. Alishuka akitabasamu na kuuliza kama kuna pipa lolote aliloligusa.

Mpole alikwenda polepole hadi fundi akapiga miayo. Aliyapa mapipa nafasi ya kupitisha basi jingine, na hakuangusha hata moja. Bonge alianza kununa. Kisha gunia likakatiza, na Mpole akalitazama tu, kama mtu anayetazama televisheni ya jirani. Mguu ulipoikumbuka breki, gunia lilikuwa chini ya tairi. Hatua ya ishirini na sita.

"Nililiona," alisema Mpole kwa unyonge. "Wallahi nililiona, Mzee."

"Uliliona, ukaliacha lifike. Huyu mwenzako anamgonga mtoto kwa sababu anajiona hodari. Wewe unamgonga kwa upole. Mama yake akuambie ahsante?"

Bonge hakuridhika. Alinung'unika kwamba kila mtu angelipiga gunia lile, hata malaika. Maneno hayo yalimchoma Mzee Breki. Alimwambia fundi ajaze gunia jipya, akapanda kwenye basi mwenyewe, akafunga mkanda. Alisema atawaonyesha kichwa safi kinavyofanya kazi.

Aliposhuka alikuwa amekunja uso kuliko alivyopanda. Alipita katikati yao, akanyoosha mkono. Bonge na Mpole wakampa funguo zao.

Barua aliiandika hapo hapo ofisini, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikaacha alama mezani. Alieleza mapipa, gunia na mstari. Bonge na Mpole waliitwa mmoja mmoja kuandika kilichowakuta na kutia sahihi chini yake. Bonge alitia yake akilalamika kwamba ana watoto wanne. Mpole alitia yake, akabaki amesimama, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli itatumwa. Mzee Breki alimjibu kwamba hajawahi kuandika barua ya kufungia maandazi.

Walipotoka, bintiye alifunga mlango. Alisema mtu anaweza kuamka vibaya siku moja. Alisema onyo la kwenye faili lingetosha, na kwamba kazi hii ndiyo inayoshikilia nyumba.

"Baba, tupime tena Jumatatu. Tafadhali."

"Jumatatu kuna watoto."

"Hakuna aliye nje ya geti hili anayejua kilichotokea."

"Ndiyo maana naandika," alisema kwa ghadhabu. "Leo ni maranda. Unataka tusubiri mpaka ijulikane kwa njia gani?"

Bintiye alimsogezea bahasha, akageukia dirisha ili baba asimwone akilia.

Chini ya sahihi ya Bonge na ya Mpole palibaki nafasi. Mzee Breki akaandika, "Sikunywa, sikuvuta; nilisimama hatua ya thelathini na tatu," akatia sahihi yake, akaikunja karatasi, akailamba gundi ya bahasha, akavuka barabara kwa miguu na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.