Kitunguu cha Jumatatu

Mama mkwe alipokea simu barazani, akarudi jikoni, akachukua kitunguu na kuanza kukikata.

Nilidhani kasahau. "Mama, leo Jumatatu."

"Najua."

Tangu mume wangu Girish alazwe hospitali mjini Lucknow, kila Jumatatu tulifunga kwa ajili yake. Hatukugusa ngano wala kitunguu, tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi ya mawe tu. Jumatatu iliyopita nilishika kopo la chumvi ya kawaida, Mama akanichapa mkono kwa mwiko.

"Wewe binti wa watu, unataka kumuua mwanangu?"

Sasa alichota chumvi hiyohiyo, akaitia kwenye unga wa ngano, akakanda. Chapati ikafura juu ya moto. Akaipaka samli, akaiwekea kitunguu, akanipa.

"Kula."

"Na mfungo, Mama?"

"Kula, mwanangu. Una kiumbe tumboni."

Hakuwahi kuniita mwanangu.

"Shemeji zako wako njiani," akasema. "Wakifika, jiko linazimwa."

Kwetu jiko huzimwa hivyo nyumba ikifiwa.

Nikauma. Chumvi ilikuwa imezidi. Nikatafuna huku akinitazama mdomoni, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

Nilipomeza tonge la mwisho, alifuta unga mikononi, akaushika mkono wangu, akaanza kunivua bangili za kioo, mojamoja, taratibu, kabla hawajaja wa kuzivunja, kama mjane avunjiwavyo.