Umri wa Mawe

Mtaalamu aliingia chini ya turubai jeusi mchana wa jua kali, akaziba kila upenyo, akawasha kurunzi yenye mwanga mwekundu. Humo gizani akaanza kung'oa mawe. Nje, Uazenga alisimama kama mume anayesubiri mkewe ajifungue.

Ng'ambo ya uzio wa waya, Greyling, mwenye shamba, alikuwa ameegemea gari lake.

"Mnaogopa jua lisione nini, Uazenga?"

Uazenga alimgeuzia mgongo.

Mahakamani Greyling alidai kwamba Waherero wa pale waliletwa na babu yake kuchunga ng'ombe, hawana chao pale. Uazenga alisema wazee wake walikuwepo kabla ya vita vya Wajerumani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Karatasi hakuwa nayo, na shahidi aliye hai hakuwepo. Alichobaki nacho ni duara la mawe machache yaliyoungua, mahali palipokuwa na okuruuo, moto mtakatifu wa ukoo ambao wazee waliokufa huombwa mbele yake, uliozimika wazee walipokimbia vita hivyo. Akishindwa, nyumba zao zitavunjwa, na baba yake, Mzee Tjiuoro, hatazikwa pale kando ya wazazi wake. Mzee alikuwa hoi kitandani. Hata maziwa mgando alishayakataa. Aliuliza jambo moja tu, kila alipozinduka: "Mtaniweka wapi?"

Mtaalamu huyo, Dokta Ndeshihafela wa Windhoek, ndiye aliyempa Uazenga tumaini. Alimweleza faraghani kwamba ardhi yote ina mionzi hafifu, na chembe za jiwe huimeza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, zikaihifadhi. Ukizipasha moto zinaitema yote kwa namna ya mwanga; hata jua likizipiga huipoteza, ndiyo maana angeyatoa mawe gizani. Mwanga ukiwa mwingi, basi jiwe limekaa muda mrefu tangu lilipoungua mara ya mwisho.

"Lakini mwanga ukishatoka, umetoka," alisema. "Jiwe linaanza upya kama mtoto mchanga. Kwa hiyo moto usiyaguse mawe kabla sijayachukua."

Uazenga alikaa na siri hiyo rohoni, akichelea maneno yasije yakavuka waya yakamfikia Greyling. Aliweka walinzi tu. Wanaume wa ukoo walilinda usiku. Kuanzia alfajiri ilikuwa zamu ya dada yake, Kaunahange, binti mkubwa wa mzee, ambaye kwa mila ndiye mtunza moto wa ukoo. Hapakuwa na mtu aliyemwamini kuliko yeye.

"Dada, mtu asiguse jiwe hata moja."

"Haliguswi jiwe hapa, mdogo wangu. Baba akilala ugenini, sisi tutalala wapi?"

Siku ya kuchimba, Uazenga alikuta pale pamefagiwa, pasafi kama ua wa bibi harusi. Kaunahange alisema wageni hawawezi kupokewa kwenye uchafu. Akaongeza kwamba ameshazungumza na wazee, kwa hiyo atulize moyo. Uazenga alimshukuru, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, akala akashiba.

Majibu yalisomwa mahakamani, Gobabis. Dokta Ndeshihafela alipopanda kizimbani hakumtazama Uazenga. Alisema amelipima kila jiwe, na kwamba yote ni matupu. Hayana mwanga wa miaka ya vita, wala wa miaka ya babu yake Greyling.

"Yamechomwa kwa moto mkali mwaka huu huu," alisema. "Pengine majuma machache tu kabla sijayachukua."

Uazenga aliruka kutoka kwenye benchi, akamwelekea Greyling. Alimwita mchoma makaburi. Alisema mtu huyu ameinunua siri yao, akaja kuwaua wazee mara ya pili. Greyling alitikisa kichwa tu, na hilo likazidi kumtia Uazenga wazimu. Askari wawili walimkamata mabega. Alikuwa akilia wazi, mbele ya watoto wake.

Kaunahange alipita katikati ya watu, akamshika mkono.

"Mwache Greyling, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jiwe sikuligusa. Lakini baba anakufa, nikaenda pale alfajiri kuwaomba wazee. Na nani huwaomba wazee bila kuwasha moto?"