Almasi au Chupa

Humoud aliipumulia saa mara ya tatu. Kioo alishakitoa. Ukungu wa pumzi yake ulitanda kwenye uso wote wa saa, lakini juu ya yale mawe kumi na mawili haukukaa hata kidogo. Kipande cha chupa hushika ukungu. Almasi huukataa.

Mwenye saa alikaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya bakora yake.

"Usifanye haraka, fundi," alisema. "Nimetoka Ibra alfajiri kwa jambo hili tu."

Humoud hakufanya haraka. Wala hakuwa akiyatazama mawe tena. Alikuwa akikitazama kifuniko cha nyuma kwa ndani, pale mafundi wanapochonga alama kila wakiifungua saa. Palikuwa na alama tatu. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe: herufi ya jina lake na mwaka, 1963.

Tabora. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ndevu hazijamjaa, ndiyo kwanza amefungua kiduka. Musallam bin Hood, mfanyabiashara mkubwa wa asali na ngozi, alimletea saa ya almasi aisafishe. Siku mbili baada ya kuichukua alirudi na kundi la watu nyuma yake, akasimama barazani, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Huyu kaning'olea almasi zangu, kanitilia chupa!"

Hakuna aliyeipima ile saa. Neno la Musallam lilitosha. Wateja walikatika wiki ile ile. Baba yake Humoud, aliyekuwa akisomesha Kurani, aliacha kwenda msikitini kwa haya, na mwaka haukuisha akafa. Jina likabaki: Humoud Chupa. Lilimfuata mpaka Ibra, maana watu wa Tabora waliporudi Omani, wengi walirudia huko. Akalikimbia, akahamia Nizwa, akafungua duka sokoni, na watu wakamjua kwa jina la binti yake, Abu Manar. Miaka ishirini alipima saa na dhahabu za watu pasipo kusema uongo hata mara moja. Hata hivyo, mwaka jana watu waliokuja kumposa Manar walikwenda kuulizia habari zake Ibra. Hawakurudi tena.

Na sasa Musallam bin Hood alikuwa mbele yake. Alijitaja jina alipoingia, kwa Kiswahili kile kile cha Tabora, macho yamefifia kwa uzee, hamjui anayesema naye.

Mawe yalikuwa almasi yote kumi na mawili, kila moja limeshikwa na vijikucha vyake vya dhahabu kama lilivyotoka kiwandani Uswisi. Hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Saa kama ile, pale Maskati, mtu angetoa riali elfu tatu na kushukuru juu yake.

Miaka thelathini na mitano amemwomba Mungu siku moja tu, na siku yenyewe imemjia dukani kwa miguu yake.

"Vipi, fundi?" aliuliza Musallam. "Niambie kweli. Usinionee haya."

"Umeinunua wapi, sheikh?"

"Nairobi, mwaka wa hamsini na nane. Niliuza asali ya msimu mzima kwa ajili yake. Nilitaka nikinyoosha mkono watu waone." Akacheka kidogo. "Ujana."

"Dhahabu ni ya kweli," alisema Humoud, akikirudisha kioo na kifuniko mahali pake. Alistaajabu jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mashine nayo ni ya kweli, ya Uswisi. Lakini mawe..." Akalishika neno kinywani, apate kuionja ladha yake. "Mawe ni chupa."

Mzee aliinua kichwa.

"Chupa tupu, sheikh. Ukipata riali mia mbili, chukua."

"Una hakika?"

"Hakika."

"Wallahi?"

Humoud hakuwa amelitazamia neno hilo. Lakini aliukumbuka mkeka wa baba yake, ulivyokaa umekunjwa pembeni miezi ile ya mwisho.

"Wallahi," akasema.

Akasubiri. Alitaka auone uso ule ukiporomoka. Machozi yakamtoka Musallam yakalowesha ndevu zake nyeupe.

"Alhamdulillah," alisema mzee. Akarudia tena, kwa nguvu zaidi: "Alhamdulillah!"

Humoud aliliweka chini koleo lake.

"Sikukwambia mwanzo, nisije nikakutia maneno kinywani," alisema Musallam, akijifuta kwa ncha ya kilemba. "Wiki iliyopita sonara mmoja wa Matrah aliniambia mawe haya yote ni almasi, hayajaguswa tangu kiwandani. Tangu siku ile sijalala. Maana kuna kijana huko Tabora nilimwita mwizi mbele za watu kwa sababu ya saa hii, kwa dhana tu. Nikasema, bas, nitafute shahidi wa pili, mtu asiyejua kusema uongo. Kila niliyemuuliza aliniambia, nenda Nizwa kwa Abu Manar."

Akainuka taratibu, akaitia saa mfukoni.

"Kesho Ijumaa nilikuwa nisimame msikitini Ibra, mbele ya watu wetu wote wa Tabora, niseme kwamba nilimdhulumu." Akamshika Humoud kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso. "Umeniondolea mzigo, fundi, Mungu akuzidishie. Kumbe yule kijana alikuwa mwizi kweli."